Jinsi ya Kutabiri Blizadi na Theluji ya Kupeperushwa kwenye Nyanda za Kaskazini: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila Novemba maswali huwa yale yale. "Wameandika inchi moja tu ya theluji, mbona barabara imefungwa?" "Hapa kwangu jua linawaka na anga ni jeupe, mbona dereva mwenzangu anasema haoni hata boneti ya lori lake?" "Nitajuaje kama usiku wa leo nitarudi salama kutoka zamu?" Wanaouliza ni ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania wakahamia Fargo, Moorhead, Grand Forks, Sioux Falls au Winnipeg, kwenye nyanda za Marekani na Kanada, na wengi wao wanaishi kwa usukani au wanafanya kazi nje ya mji. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao. Kama wewe ni mmoja wao, soma ukiwa na simu mkononi, ujaribu kila hatua papo hapo.

Shika jambo moja kabla ya yote. Huku kinachofunga barabara ni upepo, pamoja na theluji ambayo tayari imelala shambani. Theluji mpya itakuwa inchi ngapi ni swali la baadaye. Anayeanza na swali la inchi hukosea karibu kila mara.

Pia jua blizadi ni nini hasa. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huhesabu kuwa ni blizadi pale upepo, au mivumo yake ya ghafla inayojirudia, unapofika maili 35 kwa saa (kilomita 56) au zaidi, huku theluji inayoanguka au inayopeperushwa ikipunguza umbali wa kuona hadi chini ya robo maili, yaani mita 400 hivi, na hali hiyo ikidumu angalau saa 3. Upande wa Manitoba na Saskatchewan, Kanada hutumia upepo wa kilomita 40 kwa saa na umbali wa kuona wa mita 400 au chini, kwa saa 4. Angalia vizuri: hakuna mahali panapotaja kiasi cha theluji, na hakuna mahali panapotaja kiwango cha baridi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Tovuti ya weather.gov ni bure na ndiyo msingi wa kazi yote.
- Ripoti za viwanja vya ndege. Kila kiwanja kina herufi zake: KFAR ni Fargo, KGFK Grand Forks, KJMS Jamestown, KBIS Bismarck, KMOT Minot, KABR Aberdeen, KFSD Sioux Falls, CYWG Winnipeg.
- Tovuti yoyote inayoonyesha modeli za hali ya hewa, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa ijayo: GFS kwa siku kadhaa mbele, HRRR kwa saa chache zijazo. HRRR hutolewa upya kila saa.
- Picha za satelaiti ya GOES-East za mchana.
- Namba 511 au tovuti ya barabara ya jimbo lako, yenye kamera za barabarani.
- Buti, na dakika tano za kutoka nje ya mji.
- Daftari. Utaandika ulichotabiri na kilichotokea.

Hatua kwa hatua

1. Soma theluji iliyo chini.

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, na ndipo watu wanaporuka haraka. Nenda ukingoni mwa shamba, upige teke theluji kwa buti. Ikitimka kama unga, ina uwezo wa kuruka. Buti likigonga ganda gumu, theluji hiyo imefungika na haitanyanyuka kirahisi. Ni kama vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi: upepo ule ule unaotia giza juu ya uwanja mkavu unapita kimya juu ya udongo uliopigwa na mvua ukashika.

Kisha jiulize mambo matatu. Theluji ya mwisho ilianguka lini? Tangu hapo joto limewahi kupita nyuzi 32 za Farenhaiti (0 za Selsiasi)? Kumekuwa na mvua, hata ya rasharasha? Theluji iliyoanguka jana au leo, kavu, kwenye baridi kali, ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu chembe zake bado hazijashikana. Ikipata mchana mmoja wa kuyeyuka kidogo halafu ikagandishwa usiku, inajifunga. Hata isipoyeyuka, kukaa tu siku kadhaa huifanya ikaze, hasa ikishapigwa na upepo mara moja.

Vipimo vilivyofanywa kwenye nyanda za Kanada vinatupa namba za kuanzia. Theluji kavu huanza kutembea upepo unapofika wastani wa maili 17 hivi kwa saa, na iliyolowa karibu maili 22. Hizo ni wastani. Theluji mpya kabisa huanza mapema zaidi.

Tazama pia shamba lenyewe. Mabua marefu ya mahindi hushika theluji. Mabua mafupi ya soya hushika kidogo. Shamba la viazisukari lililovunwa Oktoba limebaki tupu, halizuii kitu. Bonde la Mto Red, kati ya Dakota Kaskazini na Minnesota, lina mashamba mengi ya viazisukari, na ardhi yake ni tambarare mno kwa kuwa hapo zamani palikuwa sakafu ya ziwa kubwa la enzi ya barafu, Ziwa Agassiz. Barabara kuu ya I-29 inapita humo, kutoka Fargo hadi Grand Forks na kuendelea mpaka mpakani, na kuna sehemu ndefu ambazo hakuna mti wala kilima cha kukukinga.

*Onyo:* usipime theluji kwenye uwanja wa nyumba yako. Pale kuna kuta, miti na magari. Shamba la maili kumi kutoka kwako ni habari nyingine kabisa.

2. Tafuta upepo: kasi, mivumo, upande na saa.

Fungua weather.gov, bonyeza mahali unapotaka kwenye ramani, kisha ufungue grafu ya utabiri wa saa kwa saa. Andika saa upepo utakapoanza kupanda, saa utakapofika kilele, na saa utakaposhuka. Chukua kasi ya kawaida na mivumo, zote mbili.

Kanuni ninayoitumia, pale theluji ya hatua ya 1 inapokuwa huru:

- Chini ya maili 15 kwa saa: barabara itabaki kuonekana.
- 15 hadi 25: theluji itatambaa chini chini, ikikata barabara kama moshi. Utaona mbali, lakini lami itapigwa msasa na kugeuka barafu.
- 25 hadi 35: nje ya mji macho yataanza kufungwa kwa vipindi.
- Zaidi ya 35: jiandae kwa blizadi, hata kama hakuna tone la theluji litakaloanguka kutoka juu.

Theluji ikiwa na ganda, sogeza kila ngazi juu kwa maili 10 au zaidi.

Upande wa upepo nao una maana. Upepo wa kaskazini hupita kwa urefu wa Bonde la Mto Red na kupata nguvu humo, huku ukiikata I-94 ubavuni kwa sababu barabara hiyo inakwenda mashariki na magharibi. Upepo wa kaskazini-magharibi huzisumbua I-29 na I-94 zote mbili.

3. Angalia kama upepo wa juu utashuka.

Wengi hukwama hapa, lakini si vigumu. Mita elfu moja na zaidi juu ya vichwa vyetu upepo mara nyingi ni mkali kuliko wa chini. Swali ni kama utashuka. Kwenye modeli, tafuta ramani ya upepo ya milibari 850 (milibari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa; 850 ni kimo cha mita elfu moja na nusu hivi), na grafu ya joto kwa kimo juu ya mji wako.

Hewa yenye joto inapoingia juu ya ardhi baridi, inakaa kama kifuniko. Upepo wa juu utavuma noti 50 (noti ni kipimo cha kasi, kubwa kidogo kuliko maili kwa saa) na chini bendera ikatikisika tu. Hewa baridi ya Aktiki inapoingia kwa kasi, mambo hugeuka: hewa baridi na nzito huporomoka, hewa ya juu na ya chini zinachanganyika, na ule upepo wa noti 45 au 50 unafika barabarani. Ndiyo maana kipindi kibaya mara nyingi huja *baada* ya kitovu cha mgandamizo mdogo wa hewa kupita, wakati watu wanadhani dhoruba imekwisha. Dalili ya wazi ni kipimo cha mgandamizo kupanda kwa milibari kadhaa ndani ya saa 3 kule magharibi mwako, huku joto likishuka.

Jua la mchana huongeza mchanganyiko huo. Blizadi nyingi za ardhini, zile ambazo hakuna theluji inayoanguka, hukolea kuanzia saa nne au tano asubuhi na kulegea jua linapozama. Lakini kama hewa baridi bado inamiminika, usitegemee machweo yakuokoe.

4. Sasa ndipo uulize: itaanguka theluji?

Mifumo miwili ndiyo utakayosikia zaidi. Wa kwanza hutoka Alberta, huenda mbio kuelekea kusini-mashariki, hubeba theluji kidogo na upepo mwingi. Wa pili huanzia Colorado, huja taratibu kidogo, una unyevu mwingi na unaweza kumwaga futi nzima. Watu huogopa ule wa Colorado na kuudharau ule wa Alberta. Kwangu mimi ule wa Alberta ndio wa kukesha nao, maana hutoa saa chache tu za onyo, na inchi moja ya theluji laini iliyoanguka saa mbili kabla ya upepo inatosha kabisa kufunga macho.

Linganisha saa: je, theluji itaanguka kabla ya upepo, pamoja nao, au baada yake? Kabla, au pamoja nao, ni hatari. Baada yake, ni kazi ya koleo tu.

5. Fuatilia kinachokuja kutoka magharibi na kaskazini.

Saa 6 kabla ya kuondoka, acha modeli usome kinachotokea kweli. Kama upo Fargo, soma Minot, Bismarck na Jamestown. Kama upo Grand Forks, ongeza Devils Lake na Winnipeg. Ripoti itafanana na hii niliyoitunga kwa mfano:

KGFK 151453Z 34032G45KT M1/4SM BLSN VV008 M19/M22

Tarehe 15, saa 14:53 UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo huandikwa pia kwa herufi Z. Upepo kutoka nyuzi 340, yaani kaskazini kuelekea kidogo magharibi, noti 32 na mivumo ya noti 45 (maili 37 na 52 kwa saa). M1/4SM ni umbali wa kuona *chini ya* robo maili. BLSN ni theluji inayopeperushwa juu kiasi cha kuziba macho. Ungeona DRSN ingekuwa ile inayotambaa chini. VV008 maana yake anga limezibwa, jicho likitazama juu linafika futi 800 tu. M19/M22 ni hasi 19 na hasi 22 za Selsiasi. Hiyo ndiyo blizadi. Ikiendelea saa 3, imetimiza masharti.

Sisi tuliokua na saa ya Kiswahili tunafaidi jambo moja hapa. Ripoti na modeli zote huandikwa kwa UTC, na wengine wanahangaika kubadili. Majira ya baridi, Fargo, Grand Forks, Bismarck, Sioux Falls na Winnipeg ziko saa 6 nyuma ya UTC, na saa yetu inahesabu 6 nyuma ya saa ya ukutani. Kwa hiyo namba zinakutana: 12Z ni saa 12 asubuhi, 06Z ni saa 6 usiku. Ikizidi 12, toa 12: 15Z ni saa 3 asubuhi, 21Z ni saa 9 alasiri. Ripoti ya hapo juu ilitoka saa 3 kasoro dakika 7 asubuhi. Machi wakisogeza saa mbele, ongeza moja: 12Z inakuwa saa 1 asubuhi.

Mchana fungua pia satelaiti. Theluji inayotimuliwa chini ya anga jeupe huonekana kama michirizi mirefu iliyolala kufuata upepo. Ukiiona kaskazini mwako inashuka bondeni, huhitaji ushahidi mwingine.

6. Linganisha na ofisi ya hali ya hewa, kisha amua.

Soma maelezo ya mtabiri wa ofisi inayohusika na eneo lako (Grand Forks, Bismarck, Aberdeen au Sioux Falls). Yanaitwa "Area Forecast Discussion", na humo mtabiri anasema wazi ana wasiwasi na nini: ganda la theluji, saa ya upepo, au modeli zisizokubaliana. Yasome *baada* ya kufanya hesabu yako, la sivyo utajifunza kunakili tu.

Kwenye simu, "Winter Storm Watch" ni tahadhari ya mapema, panga upya safari. "Blizzard Warning" ni kwamba inakuja au imefika, usitoke. "Snow Squall Warning" ni dhoruba fupi ya theluji inayofunga macho ghafla. Kama upo barabarani toka kwenye njia kuu kabla haijakufikia. Kazi yako ya kutabiri ni kukupa saa chache zaidi za kujipanga. Si ya kubishana na onyo lililokwisha kutolewa.

Makosa yanayoumiza watu

*Kuiamini rada.* Blizadi ya ardhini haiko juu. Theluji yake iko karibu na barabara, na mwali wa rada unapita juu yake. Skrini itakuwa safi huku watu wanaingia mitaroni. Februari 1984 dhoruba ya namna hiyo ilipiga Minnesota, magari yakakwama na watu wakafa.

*Kuuamini mji.* Ndani ya Fargo nyumba na miti vinavunja upepo. Unapotoka tu kwenye taa za mwisho, ukuta mweupe unakungoja.

*Kudanganywa na joto.* Tarehe 15 Machi 1941, Jumamosi jioni, hali ilikuwa tulivu na watu walikuwa matembezini Dakota Kaskazini na Minnesota. Hewa ya Aktiki ikaingia, na Grand Forks ilipimwa mvumo wa maili 85 kwa saa. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wakiwa njiani. Siku yenye joto la ajabu katikati ya baridi ni siku ya kutazama magharibi.

*Kusoma picha ndogo ya programu ya simu.* Alama ya jua yenye upepo pembeni ndiyo alama ya blizadi ya ardhini, lakini haikwambii hivyo.

Mambo yakienda kombo

*Nilitabiri blizadi, haikuja.* Rudi hatua ya 1. Mara nyingi kulikuwa na ganda ambalo hukuliona. Kama theluji ilikuwa huru, basi ni hatua ya 3: upepo ulibaki juu.

*Kulikuwa na ganda, na bado ikapeperuka.* Pengine kulikuwa na tabaka jembamba jipya juu yake. Nusu inchi inatosha. Au upepo ulizidi maili 40 na kulivunja ganda lenyewe.

*Kiwanja kinasema umbali wa kuona ni maili 10, dereva anasema haoni kitu.* Wote wanaweza kuwa sahihi. Kipimo kiko mahali pamoja, theluji inatembea kwa mikanda. Fungua kamera za 511, na mwamini aliye barabarani.

*Modeli hazikubaliani.* Zitazame zinapokubaliana kuhusu upepo, hata kama zinatofautiana kwa inchi za theluji. Upepo ukikubaliwa na theluji ya chini ni huru, una jibu tayari. Zikitofautiana kwa saa, chukua ile ya mapema.

*Nimeshaingia ndani yake.* Usishuke kutafuta nyumba kwa miguu. Nyuzi 0 za Farenhaiti pamoja na upepo wa maili 35 zinahisiwa mwilini kama hasi 27, na ngozi iliyo wazi huanza kugandishwa ndani ya nusu saa. Kaa ndani ya gari, piga 911 ueleze alama ya maili ya mwisho uliyoiona. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, iwashe dakika 10 hivi kila saa, acha dirisha wazi kidogo upande usiopigwa na upepo, na uwashe taa ya ndani injini inapofanya kazi ili waokoaji wakuone.

*Bosi anasema njoo kazini.* Mwonyeshe ukurasa wa 511. Barabara ikiandikwa "No Travel Advised", serikali ya jimbo inakutaka usisafiri, na ukikwama waokoaji wanaweza kuchelewa kukufikia. Ikiandikwa imefungwa, kupita ni kuvunja sheria. Piga picha ya skrini ikiwa na saa yake, umtumie kabla zamu haijaanza.